Shingo ya Wande

"Mzigo usiokulemea hujui ulipoanguka." Mmelisikia neno hilo leo, yule mzee alipomtupia mwanawe, nanyi mkacheka, mkidhani anasema habari za gunia. Hakuwa anasema habari za gunia. Tulieni basi. Methali hii haikutungwa na mtu aliyekaa kitako akafikiri. Ilimtoka mwanamke mmoja uani kwake, mbele ya watu waliotoka safari, na chanzo chake ni hiki.

Msafara ulikuwa umekwisha kuondoka. Ngoma ya kirangozi, yule anayetangulia kuongoza njia, ilikuwa imeyapita mashamba ya mwisho ya mtama, na wapagazi wa Unyamwezi walikuwa wamefuatana kama siafu kuelekea pwani, kila mtu na pembe yake ya ndovu. Wa mwisho kabisa alikuwa Mihambo. Hiyo ndiyo ilikuwa safari yake ya kwanza, na katika nchi ile kijana ambaye hajafika pwani na mzigo hakuhesabiwa mwanamume. Wasichana walimwita mlinda kuku.

Pembe aliyopewa ilikuwa ya ndovu mzee. Ngata aliyoiweka kichwani chini ya pembe ilimwendea upande, shingo ikawa inatetemeka, na wapagazi wawili waliokuwa mbele yake walikwisha kumtungia wimbo: "Shingo ya jogoo imebeba nyumba, oyee, jogoo atafika lini?" Dada yake Wande alikuwa anatembea kando yake na kibuyu cha maji, maana dada humsindikiza kaka yake mpaka kijito cha mwisho.

"Wande," Mihambo alinong'ona, "nipokee."

"Kaka, hata kijitoni hatujafika!"

"Hawa wananiimba. Nipokee mpaka kile kilima tu. Nikikivuka nitakwambia unirudishie."

Wande alikitazama kilima, akamtazama kaka yake, jasho likimtiririka mpaka kwenye kidevu. Akasema, "Lete."

Hapo hapo Mihambo akanyooka kama mche wa mtama baada ya mvua. Pembe ilibaki kichwani mwake, lakini uzito wake wote ukamwangukia Wande shingoni.

Sasa mjue habari za nyumba ile. Mama yao alikuwa amezaa watoto watatu, na wote watatu walikuwa na mambo yao. Kasubi, kitinda mimba, alipendwa na nyuki. Akisinzia nje walikuja kumning'inia kidevuni kama ndevu za mzee, naye akiamka alijikuna chini yao na kuuliza kama chakula kiko tayari. Watu waliipenda asali yake, ila hakuna aliyetaka kukaa naye mkeka mmoja. Mihambo, akiwa na furaha, alikuwa hakanyagi chini sawasawa. Ungeweza kumfuata penye vumbi usione unyayo. Na Wande alijua uzito. Akinyanyua kuku alikwambia kama anakaribia kutaga, akinyanyua mtoto alikwambia kama homa iko njiani, na wanawake wenzake walimletea vichanga vyao avipime kwa mikono.

Pamoja na hayo walikuwa na jambo moja la wote. Mmoja akichoka njiani na kuni au maji, alimwambia mwenzake "Nipokee," na mwenzake akisema "Lete," uzito ulihama, mzigo ukabaki ulipo. Mama yao alikuwa amewafundisha sheria yake. "Kupokeana ni kwa njiani," aliwaambia. "Mlangoni kila mtu huchukua chake. Na mjue kwamba aliyepokea hana neno la kuutua. Neno la kurudishiwa ni la mwenye mzigo, na asiposema, mwenzake atabeba mpaka kaburini." Mama alikuwa amekwisha kufa siku ya msafara ule. Sheria ilikuwa bado hai.

Wande alisimama penye kijito akaangalia. Mihambo alikipanda kilima mbio mbio, akawapita wale wawili waliokuwa wakimwimba, akafika juu, akageuka, akampungia mkono. Kisha akashuka upande wa pili.

Wande alingoja neno. Mto, bonde, hata nchi nzima haikuweza kulizuia neno hilo. Popote Mihambo angelisema, Wande angejisikia mwepesi. Alingoja mpaka kivuli chake kikawa kirefu. Akarudi nyumbani kwa hatua fupi fupi, ameishika shingo kwa mikono miwili.

Kasubi alimkuta ameegemea nguzo ya mlango.

"Dada, umelala vibaya?"

"Ni kaka. Amesahau."

"Watu husahau kibuyu," Kasubi alisema. "Husahau ngata, husahau jina la mjomba. Pembe ya ndovu iliyo kichwani mtu huisahau vipi?"

"Kwani iko kichwani mwake?" Wande alimjibu.

Basi akaanza kuishi hivyo. Alijua msafara unapopiga kambi, kwa kuwa uzito ulimtoka akapumua. Alijua unapoondoka, kwa kuwa ulimrudia kabla hajanawa uso. Alilima ameinama, akatwanga ameinama. Mihambo alikwenda pwani, akarudi mpaka Tabora, akaenda tena pwani bila kupita nyumbani. Baadaye pembe zikawa mbili. Wande aliketi chini siku ile, akakaa muda mrefu kabla hajaweza kusimama.

Alikuwa ameposwa na Itunda, kijana wa kijiji cha jirani, mtu mpole. Mama yake Itunda alikuja kumtazama mkwewe, akaona shingo iliyozama mabegani na mwendo wa kikongwe. Hakusema neno baya. Alisema tu, akiwa anaaga, "Sisi tulikuja kuposa binti, naona tumeonyeshwa bibi yake." Majembe ya mahari yakarudishwa. Itunda alioa kwingine mavuno yale yale.

Hapo Kasubi alikasirika, naye hakuwa mtu wa kukasirika. Akafuata msafara mpaka Bagamoyo. Aliporudi, Wande alikuwa anamngoja penye kijito.

"Umemwona?"

"Nimemwona. Sikuingia ndani, mke wake aliogopa hizi ndevu zangu. Tulizungumza mlangoni."

"Ana mke?"

"Ana mke, anaitwa Mize, mtu wa kule kule. Na ana jina kubwa, dada. Wanamwita Mihambo Halemewi. Matajiri wanamgombania. Anabeba mzigo wa watu wawili, na nyuma yake, mchangani, huoni hata alama ya kidole."

Wande akatikisa kichwa kidogo, kwa kadiri shingo ilivyomruhusu. "Na ulimwambia?"

"Nilimwambia habari zako zote, na za Itunda. Akalia, dada. Machozi kabisa."

"Kisha?"

Kasubi aliangalia miguu yake. "Akasema uvumilie msimu huu mmoja. Akirudishiwa sasa, ataanguka mbele ya watu wanaomwita Halemewi, na aibu hiyo haiwezi. Anasema yeye na wewe ni damu moja. Amekuletea hizi."

Zilikuwa shanga za buluu, za thamani, ambazo hata mke wa mtemi angezionea wivu. Wande alizipima kiganjani.

"Shanga nzuri," akasema. "Nizivae shingo ipi?"

"Dada, kama ingewezekana ningekupokea mimi."

"Haiwezekani. Mama alisema ukipokea mzigo uliokwisha kupokewa, shingo zinavunjika zote mbili. Nenda ukaangalie mizinga yako."

Msimu ule ukapita. Ukaja mwingine, ukapita. Wande akawa mkali wa maneno. Wanawake waliacha kumletea vichanga vyao, maana alivipima bila kutabasamu na kusema yaliyo kweli.

Halafu siku moja, akiwa anachambua maboga, aliruka.

"Nini?" Kasubi akauliza.

"Kuna kitu mgongoni."

"Kaka ameongezewa mzigo?"

Wande aliyafumba macho, kama mtu anayeonja mchuzi. Kitu chenyewe kilikuwa kidogo, uzito wake sawa na kibuyu cha asali kisichojaa. Lakini asali hutulia. Hiki kilijipinda, kikalegea, kikajipinda tena.

"Ana mtoto," alisema. "Kaka amepata mtoto, na amembeba."

"Umejuaje?"

"Amenipiga teke."

Kasubi akacheka mpaka nyuki wakaruka. Na Wande, ambaye hakuwa amecheka tangu majembe yaliporudishwa, naye alicheka.

Tangu hapo mambo yakabadilika ndani ya nyumba ile. Pembe ziliendelea kumkandamiza kama zamani, lakini mtoto alimlemea kwa namna nyingine. Mihambo, asipokuwa safarini, alipenda kumchukua mtoto mgongoni na kutembea naye mjini, na Wande kule mbali alikuwa akitembea uani huku na huku akiimba, mkono mmoja nyuma, kama mama yeyote. Alijua mtoto anaponenepa. Alijua alipougua, akakonda, na siku zile chakula hakikumshuka. Alijua alipoanza kujisukuma kutaka ateremshwe chini. Wapita njia waliona mwanamke mwenye shingo iliyopinda anayebembeleza mgongo mtupu, wakamwonea huruma au wakamcheka, kila mtu na malezi yake.

"Huna mume ila una mtoto," Kasubi alimtania.

"Nyamaza, utamwamsha."

Na yule baba mwenyewe? Alimpenda mtoto wake, hilo lisemwe. Alimpenda kwa macho na kwa masikio. Lakini mgongoni mwake hakuwahi kumsikia hata siku moja. Kwake mtoto alikuwa kama nguo iliyoanikwa.

Mwisho wa masika Wande alimwita Kasubi kwa sauti kubwa.

"Hizi si pembe! Hili ni robota la nguo, linakaa pana, linalemea pembeni. Na mtoto yuko nalo pamoja. Kasubi, anarudi. Anakuja naye nyumbani!"

Msafara unaotoka pwani hubeba nguo, shanga na waya. Ndiyo, alikuwa anarudi. Wande alikandika ukuta upya, akafuga kuku wa supu. Akakaa akipanga maneno. Siku ya kwanza alipanga matusi. Baadaye akapunguza. Mwisho alikuwa amebakiwa na maneno machache tu: kwamba ukifika mlangoni, uchukue robota lako na pembe zako zote, ila huyu mtoto uniachie hata siku chache, nimjue uso.

Jua lilikuwa utosini siku yenyewe. Wande alikuwa anapepeta mtama. Robota lilikuwa kichwani, mtoto mgongoni, wote wakienda mwendo mmoja. Mara mtoto akaanza kuwa mwepesi, kidogo kidogo, kutoka miguuni kuja juu, kama anayenyanyuliwa na mikono kutoka chini. Wande akasimama.

"Wameingia mtoni," akasema. "Maji ni mengi. Yamefika kwa mtoto."

"Atakuwa amemkaza vizuri," Kasubi akasema.

"Anasogea. Kasubi, anasogea upande wa kushoto. Fundo limelegea." Akadondosha ungo. "Kaka! Mkamate! Mihambo! Mtoto! Mkamate mtoto!"

Kisha mgongo wake ukawa mtupu.

Robota halikutikisika. Hilo ndilo lililomwondoa Wande akili. Robota liliendelea mbele, kwa mwendo ule ule, wa raha, wa mtu ambaye hana habari. Wande alikimbia uani akipiga kelele kumwita mtu aliyekuwa mbali, safari ya majuma na majuma, majirani wakaja wakamshika mikono, naye akawaambia, "Anakwenda! Bado anakwenda!" Ilikuwa imepita kitambo, kama muda wa mtu kuteka maji na kujaza chungu, ndipo robota likatuliwa chini kwa kishindo.

Msafara uliingia kijijini mtama ukiwa umekwisha kuvunwa. Haukupigiwa vigelegele. Kirangozi alikuwa ameifunika ngoma yake. Mihambo alikuja mpaka uani na robota kichwani, nyuma yake mwanamke mwembamba wa pwani, na wapagazi kadhaa waliokuja kumshika mwenzao asije akajidhuru. Akalitua robota. Akapiga magoti mbele ya dada yake, ambaye alikuwa amekaa kwenye kigoda, mzee kuliko umri wake.

"Dada," akasema. "Wewe ulikuwa naye. Niambie alianguka wapi. Ni pale ukingoni, au katikati, au kule kwenye mawe? Tumeutafuta mto mpaka chini. Mama yake anataka kujua tu, apate mahali pa kukumbuka."

"Ulikuwa umembeba wewe," Wande alisema.

"Nilikuwa nimembeba, lakini..."

"Lakini nini? Maliza. Wenzako wanakusikiliza."

Mihambo alitazama chini. Wapagazi walisogea karibu.

"Sikumsikia," akasema.

"Mimi nilimsikia. Nilikuwa hapa na ungo wangu. Nilimsikia anavyotoka. Nilikuita mpaka sauti ikakatika, na wewe ulikuwa unatembea. Ulikuwa unafanya nini, kaka? Ulikuwa unaimba?"

Kirangozi, mzee mzima, ndiye aliyejibu. "Alikuwa anaimba, mwanangu."

"Nilimwambia anipe mimi," yule mwanamke akasema. Hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua kinywa. "Pale ukingoni. Kila mtu alimwambia. Akasema, 'Nipe, mimi silemewi.' Nikampa."

"Wewe ndiye Mize."

"Ndimi, wifi."

"Mwanao alikuwa anaitwa nani? Miaka yote sikujua."

Mize akamtazama kwa mshangao. "Alikuwa anaitwa Wande. Baba yake alisema ni jina la mtu anayempenda kuliko watu wote duniani."

Kasubi aligeuza uso ukutani.

"Basi hata mapenzi yenyewe nilimbebea mimi," Wande alisema. Akamgeukia kaka yake, na sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anayemwambia mtu njia. "Unaniuliza alipoanguka. Mimi najua lini. Wapi, alipaswa kujua aliyekuwa pale. Nenda kaulize maji. Mzigo usiokulemea hujui ulipoanguka."

Wapagazi wakatazamana. Hapo wakaelewa Halemewi ni nani, na aliyekuwa akilemewa ni nani.

"Nirudishie," Mihambo akasema. Alikuwa analia. "Dada, nirudishie vyote."

"Shika chako. Robota ni hilo, na pembe zote ulizowahi kubeba, shika. Mtoto sina wa kukurudishia."

Akanyanyuka kutoka kwenye kigoda. Mihambo alijaribu kuliinua robota, kwa kuwa kirangozi alikuwa anangoja, likamwangusha kifudifudi. Akajaribu tena. Shingo ya mtu aliyesifiwa toka Tabora mpaka pwani ilikuwa laini kama ya bibi harusi; haikuwahi kubeba kitu. Mpagazi mwingine, mmoja wa wale waliomtungia wimbo zamani, alilichukua robota, akaenda nalo bila kuimba.

Mihambo hakusafiri tena. Alikaa kijijini kwa muda, akawa hawezi hata mtungi wa maji, kisha akahamia ng'ambo ya kilima alikowafugia watu mbuzi, na huko alikufa kwa homa. Mize alirudi kwao na msafara uliofuata, akaolewa na fundi wa milango, akazaa tena, na inasemwa hakumruhusu mwanamume yeyote kumbeba mtoto wake, hata mumewe. Kasubi alizeeka na mizinga yake. Wande shingo haikunyooka. Alimzika Kasubi, akabaki peke yake katika nyumba ile, na kaka yake alipoleta watu kumwomba msamaha hakutoka nje. Mihambo alipokufa, hakwenda kumlilia. Shanga za buluu zilichukuliwa na watoto wa majirani, zikapotea moja moja. Nyumba ilibomoka.

Maneno yalichukuliwa na wapagazi waliokuwa uani siku ile. Waliyasema kambini, wakayasema pwani, wakayaacha katika kila kijiji walichopita, mpaka yakawafikia watu wasiomjua Mihambo wala dada yake, ambao huyasema hivi tu: mzigo usiokulemea hujui ulipoanguka.